Nekoye Kwenye Barabara ya Bahari

Mwezi wa Februari mwaka wa 1956, daktari Bhupendra wa Nakuru alichora mstari nyuma ya bahasha kuukuu. Ulianza juu, pembe ya kushoto, ukateremka hadi chini pembe ya kulia. Juu aliandika Nakuru, chini akaandika Mombasa.

"Wewe iko hapa," akasema, akigonga kule juu kwa kalamu. "Hapa hewa kidogo, kilima mingi. Moyo ya bibi yako nachoka. Huku chini iko bahari. Hewa mingi, joto kiasi, barabara sawasawa kama meza. Bibi tatembea kila siku. Leo kidogo, kesho ongeza kidogo. Wiki sita."

"Na dawa, daktari?"

"Dawa mimi tapa. Lakini dawa kubwa ni miguu yake mwenyewe."

Mke wangu Nekoye alikuwa ameketi kwenye benchi, ameshika viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba hata haviingii tena. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Tangu mimba yake iharibike mwaka uliotangulia, pumzi ilikuwa inamkatikia hata akiinua ndoo nusu.

Tulikuwa tumejaribu kutembea hapohapo Nakuru. Nilimpeleka ziwani, ufukoni, ambako ardhi ni tambarare na vumbi la magadi ni jeupe kama unga. Kwenda kulikuwa rahisi, maana ni mteremko. Kurudi landi, mahali pa nyumba zetu za reli, alikaa chini mara tatu, na mara ya tatu hakuinuka. Nikambeba mgongoni. Mimi, karani wa mizigo, mwenye cheti cha Kiingereza nilichokipata kwa kusoma shule ya usiku miaka mitatu, nilipita mbele ya stesheni nimembeba mke wangu kama gunia la viazi vya Mau Narok, na makarani wenzangu wakatoka nje kutazama. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Basi niliomba likizo yangu ya mwaka pamoja na pasi ya treni. Reli ilikuwa na desturi hiyo: kila mwaka mfanyakazi alipewa pasi moja ya kwenda na kurudi, yeye na mkewe. Miaka ya nyuma pasi iliandikwa tu "na mke," tukaenda nayo kwetu Bungoma bila maneno. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, vita vya Mau Mau, na sasa kila msafiri alitakiwa aandikwe jina. Karani wa ofisi alifungua faili yangu, akanakili kilichokuwamo, akanipa. Ilisema: Hiram Khisa, karani wa mizigo, na mkewe Namalwa.

Namalwa alikuwa dada yangu. Baba mmoja, mama mmoja.

Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, wala sitajitetea. Mwaka wa 1950 sisi makapera tulilala wanne katika chumba kimoja cha landi. Wenzangu walicheza karata na kuimba, nami nilitaka meza ya kusomea. Aliyeoa alipewa chumba chake na jiko lake. Wakati huo Namalwa alikuja Nakuru kujifunza ushonaji kwa akina mama wa kanisa, akawa ananipikia. Nilichukua fomu ya nyumba, na mahali palipoulizwa jina la mke nikaandika jina lake. Mkaguzi alikuja, akamwona mwanamke anakoroga ugali, akatia sahihi. Dada yangu alikuwa amegeuza uso kwenye moto ili asionekane anavyocheka. Baada ya miezi minane alirudi nyumbani akaolewa Kimilili, lakini kwenye faili alibaki.

Nilipomwoa Nekoye, mwaka wa 1952, ningerekebisha. Ila kulikuwa na tangazo ubaoni kwamba atakayepata nyumba kwa uongo atapoteza nyumba na kazi. Na kulikuwa na hofu kubwa kuliko hiyo. Kwetu Bukusu mtu hamwiti dada yake mke hata kwa utani. Nilichokifanya kwa wino, kwetu hakina hata jina. Kama baba yangu angejua, ingebidi wazee waitwe na mnyama achinjwe, na hata hapo sikuwa na hakika kwamba angekula nami tena sahani moja. Nikanyamaza miaka minne.

Nekoye hakuwa amesoma, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimemfundisha kuandika na kusoma jina lake. Alichukua ile pasi akalitafuta, kidole kikipita chini ya mistari.

"Hapa imeandikwa nini?"

"Namalwa."

"Wifi yangu anasafiri na sisi?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka pumzi ikamwishia, nikampa maji. Alipopata sauti tena hakuwa anacheka.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimepika katika nyumba ya mke mwenzangu."

"Usiseme hivyo, Nekoye."

"Si mimi niliyesema. Wewe ndiye uliyeandika."

Kurekebisha faili kungechukua miezi, kama nisingefukuzwa siku ileile, na bila kazi hakuna pasi, na bila pasi hakuna bahari. Moyo wake haungengoja. Tulikubaliana atasafiri akiwa Namalwa, na tukirudi akiwa mzima nitakwenda ofisini kusema ukweli. Mimi ndiye niliyeahidi hayo. Yeye aliitikia tu kwa kichwa.

Treni ilipita chini ya Longonot asubuhi, ukungu ukiwa bado umeukalia mlima. Nairobi, askari walipanda kukagua watu. Siku hizo tulijua karatasi inaweza kumfanya mtu nini. Jirani yetu Wachuka, mama mpole aliyetuuzia mayai, alipakiwa kwenye lori asubuhi moja kwa kukosa karatasi moja, na kuku wake wakabaki wanazunguka mlangoni wiki nzima. Askari alisoma pasi yetu, akamtazama mke wangu.

"Mama, unaitwa nani?"

Nekoye alinitazama mimi, si askari. "Namalwa," akasema.

Nilipumua. Yeye aligeukia dirisha, akanipa mgongo mpaka Voi.

Mombasa tulipokelewa na Owino, mnyapara wa landi ya huko, ambaye tulikuwa tumeandikiana barua tu. Alikuwa mtu wa taratibu. Alitupa chumba cha nyuma, lakini kabla hatujaweka mizigo alifungua kitabu cha wageni akanakili majina kutoka kwenye pasi, maana mgeni asiye mke halali wa mfanyakazi wa reli hakuruhusiwa kulala landi. Mkewe Akoth alikuwa kinyume chake kabisa, sauti juu, mikono haitulii.

"Haya, Namalwa, mtoto wa bara! Mbona umekonda hivi, huko Nakuru mnakula flamingo? Huyo bwana yako anakulisha vitabu?"

"Ananilisha karatasi," Nekoye akajibu.

Akoth akapiga makofi kwa kicheko. Mimi sikucheka.

Kila siku saa tisa unusu alasiri tulipanda basi hadi upande wa kisiwa unaotazama bahari kuu, karibu na mnara wa taa. Hapo pana barabara ndefu inayoandamana na maji, na pembeni yake ukuta mfupi unaofika magotini. Daktari alisema kweli: ilikuwa sawasawa kama meza. Hakuna kupanda, hakuna kushuka. Upepo ulikuja wa vuguvugu, haukusukuma wala haukuchoma. Wazee wa Kizungu walipita na mbwa wao. Familia za Kihindi zilisimamisha motokaa, zikanunua mihogo ya kuchoma yenye ndimu na pilipili, wanawake wakitembea kwa safu ya watu sita. Meli za mizigo zilipita karibu kiasi kwamba ungeweza kusoma majina yake.

Siku ya kwanza Nekoye alitembea hatua mia mbili, akakaa ukutani. Nilikuwa na daftari, nikaandika. Siku ya tatu, mia nne. Siku ya tano viatu viliingia. Alivitazama miguuni kama mtu anayetazama wageni aliowangojea, akasema, "Karibuni."

Siku ya sita tulipokuwa tunatembea alisimama.

"Niite," akasema.

"Nikuite vipi?"

"Jina langu. Huko landi Akoth ananiita Namalwa kutwa nzima. Asubuhi Namalwa, chai Namalwa, mchicha Namalwa. Jana aliita mara mbili sikugeuka, akadhani nimeanza kuwa kiziwi. Jana usiku niliota naitwa Nekoye na mimi nikajibu kwamba hayupo. Hapa hakuna anayetujua. Niite."

Niliona haya, mtu mzima kuita jina la mke wake barabarani. Kwetu mume hapayuki jina la mkewe mbele ya watu. Nililisema chini.

"Sijasikia."

"Nekoye!"

Mhindi mmoja mzee aligeuka. Nekoye akaanza tena kutembea, na siku hiyo alifikisha hatua mia tisa. Tangu hapo ikawa desturi yetu. Kila tulipofika mwanzo wa ukuta nilimwita, akaitika, ndipo tukaanza. Wiki mbili zilipokamilika daftari langu lilisema hatua elfu moja mia sita. Alianza kuniacha nyuma. Nilijipongeza. Nilifikiri hata ule uongo wangu umegeuka kuwa kitu chenye faida, na mtu akifikiri hivyo ajue mwisho hauko mbali.

Jumatatu ya wiki ya tatu, asubuhi, Owino alikuja mlangoni na simu ya maandishi mkononi. Alikuwa ameisoma. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa hesabu isiyotoka.

"Bwana Khisa, pole," akasema. "Lakini sielewi. Imetoka kwa baba yako. Inasema Namalwa amefariki kwa uzazi, mazishi Alhamisi." Akageuza kichwa kuelekea jikoni. "Namalwa nimemwacha pale sasa hivi, anachambua mchicha."

Dada yangu alikuwa amekufa, na kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni kilikuwa uongo. Naliandika jambo hili kwa sababu ni la kweli. Nilisema, "Ni dada yangu. Yeye na mke wangu wanaitwa jina moja."

"Alaa," Owino akasema, akafarijika. "Pole sana, ndugu yangu."

Habari ilienea landi nzima. Wanawake walikuja, wakakaa mkekani na Nekoye, ambaye alikuwa analia kwa kweli, maana yeye na wifi yake walipendana. Akoth alimshika mabega akamtikisa taratibu kama mtoto.

"Pole, Namalwa. Kufiwa na wifi ni vibaya, lakini wifi ambaye ni wajina wako! Ni kama wewe mwenyewe umezikwa. Lia, Namalwa. Lia, mama."

Nekoye aliondoa mikono ya Akoth mabegani, moja baada ya nyingine, akainuka, akatoka. Nilidhani amekwenda msalani. Ilipopita nusu saa ndipo nilipoanza kukimbia.

Nilimkuta kule baharini, jua la mchana kichwani. Hakuwa mwanzo wa ukuta tulikokaa siku zote. Alikuwa mwisho kabisa, mahali ambapo hatukuwahi kufika. Ameketi, mikono juu ya magoti, mdomo wazi, shingo inapiga kama ya mjusi. Nilikaa kando yake nikangoja pumzi irudi, nami nikahesabu mapigo shingoni mwake, na hesabu ilinitisha.

"Umetembea peke yako mpaka huku? Unataka kufa?"

"Si nimekwisha kufa? Simu imekuja."

"Nekoye."

"Hapa unaniita hivyo. Tukirudi kule, nitaitwa jina la maiti na nitaitika. Unajua kwetu mtu aliyekufa leo akiitwa jina, anaweza kugeuka kuangalia nani anamwita. Mimi sitakuwa mlango wake wa kurudia." Alipumzika. "Kama moyo huu utasimama katika landi ya watu, Khisa, huyo mnyapara ataandika nini kwenye kitabu chake? Utanizika chini ya jina gani? Na wifi yangu, wewe utamlilia kama nani?"

"Nikisema ukweli, kazi inakwenda. Utapumzikia wapi? Utatibiwa na nini?"

"Sijui," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nilimsindikiza hadi basi, hatua kumi kumi. Nikamwacha kwa Akoth, nikaenda ofisi ya wafanyakazi pale stesheni kuomba ruhusa ya mazishi.

Karani alikuwa Kalasinga mmoja, Tejinder, ndevu zake zimefungwa kwa wavu, mtu mwema. Aliniletea kiti, jambo ambalo makarani wa Kihindi hawakutufanyia mara nyingi. Nilikuwa nimechoka kudanganya, nikamweleza yote tangu fomu ya nyumba. Alisikiliza huku akizungusha kalamu. Kisha akafunga mlango.

"Sikiza, bwana," akasema kwa sauti ndogo. "Faili yako ya Nakuru iko na bibi moja, jina Namalwa. Namalwa kwisha kufa. Kweli ao rongo?"

"Kweli."

"Basi. Hapa fomu nauliza: nani amekufa? Andika Namalwa. Nauliza: wako nani? Andika mke, kama faili. Leo napata pasi, napata ruhusa siku saba. Mwezi ya nne naandika bibi mpya, Nekoye. Faili safi, nyumba yako, kazi yako. Owino tasema naye mimi. Nani tauliza?"

"Na nikiandika dada?"

"Pasi tapata, lakini moja tu, ya wewe. Na mimi lazima peleka habari Nakuru leo kwa simu, maana faili na fomu napigana. Nyumba kwisha. Kazi, sijui. Mimi nakuambia kama ndugu."

Nakiri kwamba kalamu niliishika. Kila neno katika karatasi ile lingekuwa la kweli isipokuwa moja, na hilo moja lilikuwa kwenye vitabu vya reli tayari, limeandikwa na mkono huohuo. Sikuhitaji kufanya chochote kipya. Ilitosha kuacha mambo yalivyo, na kifo cha dada yangu kingenisafishia uchafu wangu. Nilimwona amegeuza uso kwenye moto, mabega yanatetemeka kwa kicheko, msichana wa miaka kumi na minane aliyekubali kaka yake afanye atakavyo kwa sababu kaka amesoma. Reli ingeandika kwamba alikuwa mke wangu, na asingekuwapo tena wa kukataa.

Niliandika: dada.

Tejinder aliisoma, akavuta pumzi, akaigonga muhuri.

Jioni niliwaita Owino na Akoth tukakaa jikoni. Nilisema mwenyewe, sikumwachia Nekoye. Owino alinisikiliza hadi mwisho, kisha akainuka, akakileta kile kitabu cha wageni akakiweka mezani kati yetu.

"Umenifanya niandike uongo kwa mkono wangu," akasema. "Mimi sijawahi. Sasa niambie wewe, msomi. Kwa karatasi za reli, huyu mama si mke wa mtu yeyote. Kesho nikikaguliwa, nitasema ni nani?"

"Ni mgonjwa," Akoth akasema.

"Kitabu hakina mahali pa mgonjwa."

"Basi andika dada yangu. Amekuja kutoka Kisumu."

"Akoth! Mbukusu huyu, awe Mjaluo?"

"Nani ataukagua ulimi wake? Wewe mwenyewe wiki mbili ulimwita Namalwa, ukaona nini? Andika, au nihame naye mimi, uone nani atakupikia."

Owino alikata jina la Namalwa kwa rula, mstari mmoja ulionyooka. Akabaki na kalamu hewani. Ndipo Nekoye aliposema, kutoka pale alipokuwa amelala kwenye mkeka, sauti yake ndogo lakini wazi.

"Shemeji, pa jina andika Nekoye. Hayo mengine andika mtakavyo."

Usiku ule hakulala vizuri. Jumanne nilipoondoka, uvimbe ulikuwa umerudi vifundoni. Alinikataza nisimwage machozi mbele yake, akanisukumia lile daftari. "Acha hapa," akasema. "Akoth hajui kuhesabu kupita mia, lakini atanisindikiza." Sikujua kama nilikuwa namwacha apone au namwacha tu.

Treni ilisimama Nakuru Jumatano, saa kumi alasiri. Habari za Tejinder zilikuwa zimenitangulia kwa waya. Karani wa nyumba alikuwa kwenye jukwaa, anatembea behewa kwa behewa akiniita. Niliteremsha dirisha.

"Khisa, ufunguo," akasema, bila kunitazama usoni. "Vitu vyako viko stoo ya mizigo. Ukitoka mazishini unarudi chumba cha makapera, cheo chini ngazi moja, mpaka kamati ikutane. Wanaweza kukuacha. Lakini wanataka barua ya chifu, na ushahidi wa baba yako, kwamba huyo Nekoye ni mke wako na ng'ombe za mahari zilikwenda. Bila hiyo, huna mke. Hapati pasi, hapati nyumba, hapati chochote."

Nilitoa ufunguo. Moto wa landi ulikuwa umeanza kutoa moshi, watu wanapika. Treni ikaondoka.

Nilifika Kimilili Alhamisi alasiri, nyumbani kwa shemeji yangu. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, udongo bado mbichi, na watoto walikuwa wanaondoa majani yaliyokanyagwa. Nililia pale kama kaka, mbele ya watu, na watu wakaniacha nilie. Baba yangu alikuwa amesimama kando na fimbo yake. Alikuwa mtu mrefu, hakuwahi kuingia darasani, na hakuna kitu alichojivunia kuliko mwanawe anayeandika kwa wino wa Serikali. Nilipomaliza alinijia.

"Mkeo yuko wapi? Wifi yake anazikwa, yeye haji kumlilia?"

"Yuko Mombasa, baba. Moyo wake hauwezi milima. Nimemwacha kwa watu wema, lakini hana karatasi. Nahitaji twende kwa chifu kesho, useme kwamba ni mke wangu."

Aliegemea fimbo yake.

"Mnaishi naye huko reli mwaka wa nne huu," akasema. "Wewe ndiye mwandishi. Kwa nini reli hawamjui?"

Ningeweza kumpa jibu lolote. Alikuwa hajui kusoma, na angeliamini. Nilimwomba aketi kwanza kwenye kigoda. Akasema hataki kuketi, nieleze tu. Basi nikamweleza, tangu ile fomu ya mwaka wa hamsini, na jina nililoliandika, naye akabaki amesimama juu ya udongo mbichi wa binti yake, akisikiliza.